Nyota Tano za Muzdalifa

Bi Riyama hakuwa mtu wa kuamini upesi, na kitu kinachomsifu kila anayekigusa ndicho alichokiamini kidogo kuliko vyote. Katika miaka yake ishirini na sita ya ualimu alishaona mengi yakiingia skulini kwa ngoma na kutoka kimya kimya. Zilikuja redio za masomo, zikaja picha za ukutani, zikaja kompyuta sita ambazo mwisho wake waliozifaidi ni mijusi. Basi mradi ulipoleta vishikwambi arubaini vya kuwafundishia watoto kusoma, aliwapokea watu wa mradi kwa adabu, akatia saini pale alipoambiwa, kisha akakaa kuangalia.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuielezea. Mtoto anavaa vidude vya masikioni, anachagua hadithi, na sauti laini ya mwanamke inamsomea ukurasa. Kisha sauti inamwambia, sasa soma wewe. Mtoto anasoma, kishikwambi kinamsikiliza, na hadithi ikimalizika kinampa nyota. Tano ndio ukomo. Watoto wa Darasa la Pili walivipenda mpaka wakasahau kuomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, na hilo hata Bi Riyama hakuweza kulikataa.

Kilichomkosesha raha ni nyota za Muzdalifa.

Muzdalifa alikuwa na umri wa miaka minane, mtoto mkimya mwenye buibui lililokuwa refu kuliko yeye, akilelewa na bibi yake katika nyumba ya mawe nyuma ya duka la vinyago. Darasa zima lilipoitikia pamoja, sauti yake ilikuwa wazi kuliko zote. Lakini siku alipoitwa ubaoni peke yake na kuonyeshwa neno "meza", alisimama mbele ya neno hilo mpaka chaki ikamlowa jasho mkononi. Bi Riyama alikuwa ameshapanga moyoni kumrudisha kwenye herufi, moja baada ya moja. Kabla hajaanza, Jumanne moja, kishikwambi kikampa mtoto yule nyota tano. Wiki ya pili tano tena. Mpaka mwezi unakwisha alikuwa amemaliza hadithi tisa, zote kwa nyota tano, na darasani hakuna aliyemkaribia.

Walimu wenzake walimpongeza. Bi Riyama alizipokea pongezi, akasema alhamdulillahi, na usiku ule alihisi ametiwa kitu mfukoni ambacho si chake.

Mambo yangeweza kuishia hapo kama si Mwalimu Mkuu. Mwalimu Himid alikuwa mtu mwema mwenye udhaifu mmoja, alipenda sana wageni. Alitangaza kwamba Alhamisi wageni wa mradi watakuja, Muzdalifa atasoma hadithi ya kumi mbele yao, na papo hapo atavushwa Darasa la Tatu bila kungoja mwisho wa mwaka. Fomu ilikuwa tayari. Iliyobaki ni saini ya mwalimu wa darasa, yaani Bi Riyama.

Darasa la Tatu lilikuwa na watoto sitini na tisa, na mule ndani hakuna anayefundisha herufi. Wananakili kutoka ubaoni na kusonga mbele. Mtoto anayefika pale hajui kusoma hapati wa kumgeukia nyuma, na Bi Riyama alishawaona wa namna hiyo wakipotea huku wamekaa kitako madawatini. Kama nyota zile ni za kweli, kumzuia Muzdalifa ni dhulma. Kama ni za uongo, saini yake ndiyo itakayomzamisha mtoto. Hapana mtu mwingine aliyeonekana kuliwaza hilo, na hilo nalo likazidi kumtia shaka.

Mtu wa kumshuku hakumtafuta mbali. Alikuwa Anuar, kijana wa mradi, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na vespa nyekundu, aliyekuja skulini kila Jumanne na siku nyingine bila taarifa. Alikuwa na heshima nyingi, shikamoo yake haikukosekana, na Bi Riyama aliiona hata hiyo heshima imezidi kipimo. Wiki ya kwanza kabisa Anuar alimwomba namba yake ya siri ya kufungulia vishikwambi, ati aitunze asije akaisahau. Alimpa. Sasa alijiuliza kijana yule anaingia humo kwa jina lake kufanya nini. Mradi wenye watoto wanaofaulu huongezewa miaka, na mradi ukiongezewa miaka, vespa nayo inaendelea kutiwa mafuta.

Akaanza kuandika. Alichukua daftari la mistari, akatoa kwenye kishikwambi tarehe, saa na nyota za hadithi zote tisa, akaandika na kama Anuar alikuwepo. Siku nyingi za nyota alikuwepo. Siku mbili hakuwepo, na hizo Bi Riyama aliziwekea alama ya kuuliza pembeni, kwa sababu huenda anafanya vitendo vyake akiwa huko huko aliko. Alishafika mahali ambapo hata Anuar akikohoa kulikuwa na sababu.

Jumamosi alikwenda sokoni Mwanakwerekwe kama kawaida yake, na kama kawaida yake alinunua tungule, nyanya za mchuzi, kwa Ubwa. Ubwa alikuwa mwanafunzi wake wa mwaka wa mwanzo wa kazi, kijana aliyekuwa wa kwanza darasani, na hadi leo akimwona huinuka na kumpangusia ndoo akae. Siku ile alimpa simu yake, akamwomba amsomee ujumbe uliotoka kwa mwenye shamba, maana miwani ameisahau nyumbani. Bi Riyama alimsomea. Ulikuwa ujumbe wa mstari mmoja tu, kwamba mzigo wa Jumatatu utachelewa. Akarudi zake nyumbani Amani na kikapu, akimuwaza Anuar njia nzima.

Jumatatu, baada ya skuli, alipiga hodi kwa Bi Ghaliya, bibi yake Muzdalifa. Alikaribishwa ukumbini, akaletewa kahawa na kipande cha halua, wakaulizana hali za nyumbani mpaka zikamalizika zote. Ndipo alipouliza, kwa njia ya mzunguko, kama kuna mtu yeyote wa skuli aliyewahi kufika hapa.

Bi Ghaliya alisema yupo, kijana mmoja mstaarabu sana wa vespa. Alikuja na karatasi, akamtaka aweke dole gumba, na yeye akaweka.

Bi Riyama aliipeleka kahawa kinywani ili asionekane uso wake. Baada ya hapo bibi aliendelea kumsifia mjukuu, kwamba chuoni ndiye anayeongoza, kwamba mwalimu wake wa Kurani akimsomea aya mara mbili, ya tatu mtoto anaitoa mwenyewe, na kwamba ameshahifadhi Juzuu Amma yote na sasa yumo kwenye Juzuu Tabaraka. Hata zile hadithi za skuli anamtolea bibi yake jioni, anajitikisa mbele na nyuma, neno kwa neno. Bi Riyama aliitikia "mashaallah" panapostahili. Masikio yake yalikuwa yamebaki kwenye lile dole gumba.

Jumanne alijificha. Ni neno la aibu kwa mwalimu wa umri wake, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alisimama nyuma ya mlango wa darasa tupu, akachungulia kwenye ngazi za jengo lile kongwe, na akawaona. Anuar amekaa kidatu cha chini, Muzdalifa cha juu yake, kishikwambi kati yao, na Anuar anamnyooshea kidole, aseme. Mtoto anasema. Anuar anatabasamu, anabonyeza kitu. Hasira zilimpanda Bi Riyama, na ndani ya hasira ile, tusimfichie, mlikuwa na furaha kidogo ya mtu aliyejua tangu mwanzo.

Jumatano asubuhi aliliweka daftari juu ya meza ya Mwalimu Mkuu, Anuar akiwepo, akasema yote. Namba ya siri, siku za nyota, dole gumba la bibi wa watu, ngazi. Alisema bila kupumzika mpaka akamaliza.

Anuar hakupandisha sauti. Alisema kuta za jengo hili ni nene, mtandao haushiki popote ila pale kwenye ngazi, chini ya dirisha. Anamrekodi Muzdalifa kwa filamu fupi ya wageni, na huwezi kumrekodi mtoto wa mtu bila ridhaa ya mlezi, ndiyo maana akenda kwa bibi na karatasi. Namba za siri anazo za walimu wote kumi na mmoja, kwa sababu wote walizisahau mara moja au zaidi, na nyota haziwezi kubadilishwa na mtu. Akafungua kishikwambi, akamwekea sauti ya Muzdalifa akisoma hadithi ya nne siku ambayo yeye Anuar alikuwa Pemba. Ilikuwa sauti ya Muzdalifa, wazi, bila kukwama hata mara moja.

Mwalimu Himid alilifunga daftari taratibu.

"Bi Riyama," alisema, "kama kazi imekuchosha, nambie. Hapana aibu. Lakini kesho, mbele ya wageni, utatia saini."

Alitoka mule ofisini akiwa hana pa kuuweka uso. Aliumia, tena sana, na kilichomuuma zaidi ni kwamba shaka haikuondoka. Kila alichokishuku kilikuwa kimejibiwa, na bado alikuwa akiliona neno "meza" ubaoni na mtoto amesimama mbele yake.

Alhamisi wageni walifika saa nne, watu watano wenye vitambulisho shingoni, wakapangiwa viti mbele ya darasa pamoja na wazee wachache wa watoto. Bi Ghaliya alikuwa safu ya mwanzo, amejifukiza udi. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake mchana, na Anuar alihangaika kutafuta kishikwambi chenye chaji ya kutosha mpaka akakipata kimoja. Muzdalifa alisimamishwa mbele, amekishika kwa mikono miwili, mgongo wa kishikwambi ukiwaelekea wageni. Bi Riyama aliwekwa nyuma yake, mkono begani, ili picha itoke vizuri.

Hadithi ya kumi ilikuwa ya paka aliyesingiziwa kula dagaa. Muzdalifa alikuwa ameisikia juzi na jana, mazoezi ya wageni. Alianza kwa sauti nzuri, kila neno na haki yake. Dagaa wamepotea, mwenye nyumba amekasirika, paka ameitwa barazani. Wageni walitabasamu. Akafungua ukurasa wa tatu kwa kidole, akaendelea.

Katikati ya ukurasa wa tatu kioo kikazima.

Bi Riyama alikiona kutoka nyuma ya bega lake. Picha ya paka ilitoweka, ukabaki weusi mtupu na ndani yake kivuli cha ushungi wa mtoto. Alingoja Muzdalifa anyamaze. Muzdalifa hakunyamaza.

"Paka akasema, mimi sikula dagaa," aliendelea mtoto, akijitikisa kidogo mbele na nyuma. "Nilikuwa nimelala juani. Muulizeni kunguru, mbona mdomo wake unanuka?"

Na alipofika mwisho wa ukurasa, alipitisha kidole juu ya kioo kilichokufa, akaufungua ukurasa wa nne ambao haukuwepo, na akausoma. Akafungua wa tano, akausoma na huo, mpaka kunguru akakiri na paka akaombwa radhi. Hakuacha neno. Wageni walipiga makofi, Bi Ghaliya akapangusa macho kwa ncha ya ushungi, na Anuar, kule pembeni, alikuwa akicheka kwa furaha ya mtu asiyejua lolote. Bi Riyama alimtazama usoni, akatambua kwamba hana hatia yoyote kijana huyu, na hajawahi kuwa nayo.

Mwalimu Himid alileta fomu na kalamu. Makofi yalikuwa hayajaisha.

Angeweza kukigeuza kile kishikwambi, wakakiona kilivyo cheusi. Angeweza kuandika "meza" ubaoni na kumwambia mtoto asome. Shaka yake ingekuwa imeshinda mbele ya watu, na Muzdalifa angesimama pale na chaki mkononi, bibi yake akiangalia. Bi Riyama aliichukua kalamu, akaiweka chini juu ya fomu.

"Sitii saini," alisema. "Mtoto huyu sijamfundisha kusoma. Kosa si lake, wala si la huyu kijana wala la mashine yake. Ni langu, na naomba muda uliobaki wa mwaka huu nimfundishe."

Mgeni mmoja aliuliza amesemaje. Mwalimu Himid akasema kwa haraka kuwa Mwalimu amechoka, na kwamba chai iko tayari.

Walipotoka, Bi Riyama alimchukua Muzdalifa mpaka kwenye ngazi, wakakaa vidatu vile vile. Alimuuliza kioo kilipozima yeye alikuwa anasoma wapi. Aliuliza kwa upole, lakini mtoto aliingiwa na hofu.

"Kioo kilizima, Mwalimu, lakini hadithi ilikuwa bado," alisema. Akaweka kiganja kifuani. "Imo humu. Nshaihifadhi."

"Na yale yaliyoandikwa chini ya picha?"

Muzdalifa aliinamisha kichwa. "Yale siyajui. Yule mama anasema, na mimi nnasema. Hata wewe, Mwalimu, unasema na sisi tunasema. Si ndo kusoma?"

Kwa miaka ishirini na sita Bi Riyama amesimama mbele ya ubao na fimbo ya kuonyeshea, akisema, na watoto arubaini wakiitikia, na anayeitikia kwa sauti nzuri kuliko wote akipigiwa makofi. Mashine ya watu haikuleta jambo jipya. Ilifanya alichokuwa akikifanya yeye kila siku, na haikuwahi kuchoka.

Jumamosi, Ubwa alimpangusia ndoo akae, akampimia tungule, kisha akaitoa simu. Bi Riyama aliipokea bila kuitazama.

"Ubwa, mwanangu, umewahi kuwa na miwani?"

Ubwa alipanga tungule juu ya fungu, akazipangua, akazipanga tena. Alikuwa mtu mzima, na wateja walikuwa karibu.

"Sijapata kuwa nayo, Mwalimu," alisema mwisho, chini chini. Kisha, kama aliyetaka kumpoza, akacheka. "Lakini somo la mwanzo bado nnalo." Na akalitoa, pale pale mbele ya mizani, ukurasa mzima wa kitabu cha mwaka ule, baba analima, mama anafua, neno kwa neno, na vituo vyake vyote mahali Bi Riyama alipokuwa akiviweka. Alikuwa wa kwanza darasani. Bi Riyama alimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu hakuwa na uso wa kumkatiza, kisha akamwambia amsamehe, na kwamba kuanzia Jumamosi ijayo atakuja mapema, kabla ya wateja, na daftari.

Jumatatu alimsubiri Anuar mlangoni, akamtaka radhi mbele ya walimu wawili ili iwe radhi ya kweli. Baadaye akamuuliza kama ile sauti ya mwanamke inaweza kunyamazishwa. Anuar alisema inaweza, mahali pake papo tangu mwanzo, ila hakuna mwalimu aliyewahi kupauliza. Akamwonyesha. Kilikuwa kibonyezo kimoja kidogo pembeni.

Muzdalifa alikaa kwenye dawati lake la Darasa la Pili akavaa vidude vya masikioni. Ilitokea hadithi asiyoijua, na chini ya picha neno moja tu. Alingoja. Aligusa masikio, akaangalia kama waya umechomoka, kisha akainua macho kumtafuta Mwalimu, tayari kuitikia.

Bi Riyama alilijua neno lile. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na watoto wengine thalathini na tisa walikuwa wakimtazama mdomo. Aliufumba. Muda ulipita, nje mtu akapita akinadi kahawa, na yeye akaendelea kunyamaza, ijapokuwa alitamani sana kumsaidia. Mtoto akateremsha macho kwenye kioo, akaweka kidole chini ya herufi ya mwanzo, na kwa mara ya kwanza akaitazama.